Karafuu na Karafuu Maiti: Juu ya Majina ya Dawa za Mafua ya Watoto

Mtoto mchanga ashikwapo na mafua, mama hutafuta dawa, wala hatafuti maneno. Hata hivyo dawa humfikia kwa jina lake, na jina likipotosha, mkono nao hupotea. Jambo hili ladhihirika katika dawa za nyumbani zenye asili ya Bara Hindi, ambazo baadhi ya majina yake yamepita katika lugha kadha wa kadha kabla ya kufika bara ya Afrika ya Mashariki.

Dawa hizo zajulikana sana. Mbegu za ajwain, ambazo Wagujarati huziita ajmo, hukaangwa kavu, zikafungwa katika kitambaa na kuwekwa karibu na kifua cha mtoto apate kuvuta harufu yake. Kitunguu saumu huchemshwa katika mafuta ya haradali, na mafuta hayo hupakwa nyayoni na kifuani. Manjano hutiwa katika maziwa, na tangawizi huchanganywa na asali. Mwisho iko kafuri, ambayo huyeyushwa katika mafuta ya nazi na kusuguliwa kifuani.

Reli ilipofika Kisumu mwaka wa 1901, biashara ya maduka ya Wahindi ilienea kandokando ya Ziwa Viktoria, na bidhaa zikafika Musoma kwa meli. Katika kijiji kama Machochwe, wilayani Serengeti, Kikurya ndiyo lugha ya nyumbani, na Kiswahili ni lugha ya duka, shule na zahanati. Kwa hiyo jina la dawa ya dukani humfikia mama wa huko kwa Kiswahili, na yampasa aelewe kitu kutokana na jina pekee.

Majina mengine yana matata madogo. Neno bizari, au binzari, latokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni mbegu. Leo pengine lina maana ya manjano, pengine ya mchanganyiko wa viungo vya mchuzi, na likiongezewa neno nyembamba, ni ile mbegu ambayo Unguja huitwa uzile. Aambiwaye atumie bizari bila maelezo zaidi aweza kushika kitu kingine kabisa, lakini hasara yake si kubwa.

Hatari imo katika jina karafuu maiti. Karafuu ni neno la Kiarabu, qaranful, na kitu chenyewe hutiwa katika chai ya mtu mzima mwenye kikohozi. Karafuu maiti si karafuu hata kidogo, bali ni kafuri, yaani kāfūr ya Waarabu na kapur ya Wagujarati. Imeitwa ya maiti kwa kuwa hutumika katika kumwosha na kumkafini maiti, na yaelekea kwamba ufanano wa sauti baina ya kafuri na karafuu ndio uliovuta neno la kwanza. Sarufi nayo yazidisha kosa. Majina mawili yakifuatana hivi katika Kiswahili, la pili hupambanua la kwanza, na msikiaji hudhani kwamba kitu hicho ni aina mojawapo ya kile kilichotajwa mwanzo. Bata mzinga si bata, lakini kosa hilo halimdhuru mtu. Kafuri ni sumu. Gramu 1 ikimezwa imekwisha kuua mtoto mdogo, na hata ikipakwa yaweza kupenya ngozi.

Kosa la namna hii halikutokea kwa Waswahili tu. Huko Marekani mafuta ya kafuri yalikatazwa kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sababu mojawapo ni kwamba watu waliyanywesha kwa kuyadhania mafuta ya mbarika, maana majina ya mafuta hayo mawili kwa Kiingereza yalikaribiana.

Majina ya maradhi nayo yahitaji kuangaliwa. Shina lililomo katika mafua ndilo lililomo katika kifua, na mtu husema “mtoto ana kifua” kwa mafua mepesi na kwa kichomi kilicho hatari. Zaidi ya hayo, dalili kubwa ya sumu ya kafuri ni mtukutiko wa mwili, na mtukutiko wa mtoto una jina lake tayari, degedege, ambalo kwa imani ya zamani lahusishwa na ndege au pepo. Basi dawa iletapo mtukutiko, jina liko tayari kumbebesha pepo lawama, na chupa ya mafuta hubaki rafuni ikingoja mtoto wa pili.

Kazi ya mtunga kamusi hapa ni dhahiri. Haitoshi kuandika kwamba karafuu maiti ni kafuri. Yafaa iongezwe kwamba si aina ya karafuu, na kwamba haifai kwa mtoto mchanga. Waandikao maelezo ya afya nao wataje kitu kwa rangi na umbo lake pamoja na jina: vipande vyeupe, vyenye harufu kali, viyeyukavyo hewani. Kadhalika wasiandike “kifua” peke yake, bali waeleze dalili: mtoto wa chini ya miezi 2 avutaye pumzi mara 60 au zaidi kwa dakika, au wa miezi 2 hadi 11 avutaye mara 50 au zaidi, au yeyote ambaye sehemu ya chini ya kifua chake hubonyea ndani avutapo pumzi, apelekwe zahanati mara moja. Asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka, wala mafuta yasitiwe puani mwake. Kwa mafua mepesi, maziwa ya mama, joto la mwili wake, na matone ya maji ya chumvi yaliyo safi ya kulainisha kamasi, yatosha.