Kabla Hujapanda Boda Boda ya Umeme: Linda Kichwa Chako

Leo tutazungumza juu ya safari ambayo wengi wetu huifanya kila siku bila kuifikiria sana: safari ya pikipiki ya kukodi mjini, na hasa hizi pikipiki mpya za umeme.

Boda boda ilianza mpakani Busia katika miaka ya 1960, wakati baiskeli zilipokuwa zikiwavusha watu kati ya Kenya na Uganda. Baadaye ikaja pikipiki ya petroli. Sasa kuna ya umeme. Mwaka 2023 mpango wa taifa wa pikipiki za umeme ulizinduliwa Mombasa, na mwaka huo huo Uber ikaanza huduma ya boda boda za umeme jijini Nairobi. Betri ikiisha moto, mwendeshaji hupita kituoni, akaacha ile iliyokwisha na kuchukua iliyojaa. Haitoi moshi, na hilo ni jambo jema kwa mapafu yetu. Lakini, msikilizaji, lami haijabadilika, na kichwa cha binadamu pia hakijabadilika.

Hapa Kenya, katika miaka ya hivi karibuni, barabara zimekuwa zikiua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka. Wengi wao ni watu wasio na bodi ya gari ya kuwakinga: wanaotembea kwa miguu, na wanaosafiri kwa pikipiki.

Pikipiki ya umeme ina tofauti gani?

Kwanza, haina kelele. Mama anayevuka barabara amezoea kusikiliza mlio kabla ya kuangalia. Hii haisikiki mpaka imefika. Wewe unayevuka, tumia macho, angalia pande zote mbili, hata kama ni barabara ya njia moja. Na wewe mwendeshaji, punguza mwendo sokoni, karibu na shule na kwenye steji, upige honi mapema.

Pili, mota ya umeme hutoa nguvu zake mara moja. Mwendeshaji akikaza mkono, pikipiki huruka mbele. Abiria ambaye hajashika kitu anaweza kuanguka nyuma na kugonga kisogo hata kabla ya safari kuanza. Kwa hiyo kaa vizuri, shika kishikio cha nyuma au umshike mwendeshaji kiunoni, kisha ndipo umwambie, "Twende."

Tatu, haina ekzosi ya moto. Zile alama za kuungua mguuni ambazo watu wengi wanazo hazitokani na pikipiki hii. Lakini ukiungua kwenye ekzosi ya pikipiki ya petroli, mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, yai, mafuta wala majivu. Vitu hivyo huleta vijidudu na kuzuia joto kutoka.

Nne, kuna betri. Betri iliyopasuka, iliyovimba au iliyogongwa vibaya inaweza kushika moto ghafla na kutoa moshi wenye sumu. Usiifungue, na usiichaji chumbani mnamolala. Ukiona pikipiki iliyoanguka inafuka moshi, wasogeze watu mbali kwanza.

Kwa nini tunasisitiza helmeti?

Fikiria kibuyu chenye maziwa mala. Ukikikimbiza kisha ukikigongesha ukutani, kibuyu kinasimama, lakini maziwa yaliyo ndani yanaendelea mbele na kugonga upande wa pili. Ubongo uko hivyo hivyo. Ni laini, umo ndani ya fuvu gumu. Kichwa kikigonga lami, ubongo hujigonga kwenye fuvu, na mishipa midogo ya damu inaweza kukatika.

Helmeti ina gamba gumu nje na sponji nene iliyoshindiliwa ndani. Gamba hutawanya pigo, na sponji hubonyea polepole ili nguvu yote isifike kwenye fuvu. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba helmeti iliyovaliwa vizuri hupunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 40 na hatari ya kuumia vibaya kichwani kwa karibu asilimia 70. Angalia neno "vizuri". Helmeti iliyotundikwa mkononi au iliyovaliwa bila kufungwa itatoka mwanzo wa ajali, wakati ule ule unapoihitaji.

Basi jipime hivi. Vaa, funga mkanda chini ya kidevu mpaka vidole viwili tu vipite. Tikisa kichwa. Ikicheza, si saizi yako. Ikiwa gamba limepasuka au sponji imetoka, ikatae. Na helmeti iliyokwisha kupigwa kwenye ajali haifai tena, hata kama kwa nje inaonekana nzima, kwa sababu sponji yake ya ndani imekwisha kazi.

Najua unayotaka kusema. Helmeti hiyo imevaliwa na watu kumi leo, inanuka jasho, na wewe umesukwa jana kwa pesa zako. Hofu ya mapunye na chawa si upuuzi. Lakini dawa yake ni rahisi. Beba mkobani kofia nyepesi ya nailoni au kitambaa safi, uvae kwanza, helmeti ifuate. Kama unapanda boda boda kila siku kwenda kazini, nunua helmeti yako mwenyewe. Mapunye hutibika kwa dawa. Ubongo ulioharibika, mara nyingi haurudi ulivyokuwa.

Abiria pia ana wajibu

Sheria ya Trafiki inataka mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti na koti la riflekta, na pikipiki ibebe abiria mmoja tu. Usikubali kubanwa wawili, wala "watatu kwa bei ya mmoja". Uzito ukizidi, breki huchelewa kushika na pikipiki huyumba kwenye kona.

Panua miguu na ukae ukitazama mbele. Kukaa upande mmoja kunaharibu mizani. Kabla ya kuondoka, kusanya leso, buibui, skafu au mikanda ya mkoba, uikalie au uifunge. Nguo ikishikwa na gurudumu la nyuma, inaweza kumvuta mtu shingo kwa nukta moja. Mtoto mdogo asikalishwe mbele ya mwendeshaji, wala asibebwe mgongoni mwa mama kwenye pikipiki, kwa maana mkianguka nyuma yeye ndiye anayetangulia chini. Mama mjamzito, ukipata njia nyingine ya kusafiri, itumie hiyo.

Sasa tuzungumze juu ya mwendo. Vijana wetu wengi huendesha pikipiki ambayo si yao. Jioni lazima wampelekee mwenyewe hesabu, na kinachobaki ndicho unga wa nyumbani. Ndiyo maana wanakimbia. Wewe abiria ukiongeza, "Harakisha, nimechelewa," umemsukuma zaidi. Mwambie badala yake, "Kaka, pole pole, nitafika tu." Usipohofia kusema neno hilo, umeokoa watu wawili. Na ukiona macho yake mekundu, au anasinzia, au ananuka pombe, shuka. Nauli yako ipo, utampata mwingine.

Ajali ikitokea

Msikilizaji, hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa maana wengi hupotea baada ya ajali kwa sababu ya namna tunavyowasaidia.

Kwanza zuieni magari yasije kuwagonga tena. Pigeni simu 999 au 112, au Msalaba Mwekundu wa Kenya kwa 1199. Kama aliyeumia anapumua, msimvute mkono wala kumwinua akae. Huenda mfupa wa shingo umevunjika, na kumgeuza ovyo kunaweza kumfanya apooze. Mtu mmoja ashike kichwa kisitikisike. Helmeti msiivue, isipokuwa kama hapumui au anatapika na kupaliwa. Hapo wawili waivue taratibu, mmoja akishikilia shingo. Damu inayotoka, bonyezeni kwa kitambaa safi bila kuachia. Msimpe maji wala chai. Na tafadhali, msimkalishe katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine kumpeleka hospitali.

Jambo la mwisho ndilo linalotuumiza sana sisi wauguzi. Mtu anaanguka, anainuka, anajipangusa vumbi na kusema, "Mimi ni mzima." Anakwenda nyumbani, anakula, analala. Asubuhi haamki. Kumbe mshipa mdogo ulikuwa ukivuja damu ndani ya fuvu usiku kucha. Kwa hiyo kila aliyegonga kichwa asilale peke yake usiku huo. Mwangalieni kwa saa 24, mkimwamsha na kumwuliza jina lake na mahali alipo. Mpelekeni hospitali mara moja akionyesha dalili hizi: kutapika, kichwa kuuma kuzidi, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, degedege, udhaifu upande mmoja wa mwili, mboni za macho zisizolingana, au damu au majimaji kutoka puani au masikioni. Aliyepoteza fahamu, hata kwa dakika moja, aende hospitali hata kama amezinduka. Asinywe pombe, na asimeze aspirini wala ibuprofeni, kwa kuwa huongeza kuvuja damu.

Msiogope kwenda kwa kukosa pesa mkononi. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura.

Kwa ufupi, kumbuka haya manne:

1. Helmeti ifungwe, hata kwa safari ya dakika tano.
2. Abiria mmoja, mwendo wa pole.
3. Pikipiki ya umeme haisikiki: angalia kabla ya kuvuka.
4. Aliyegonga kichwa achungwe kwa saa 24.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi chenu:

- Katika steji yenu, ni waendeshaji wangapi wana helmeti ya abiria? Mnaweza kukubaliana nao vipi?
- Nani kati yenu ana simu yenye namba za dharura?
- Jirani yako ameanguka jioni na anasema yeye ni mzima. Utafanya nini usiku huo?