Kamera Hailipendi Darasa la Asubuhi

Mei 2012 kituo cha The CW cha Marekani kilianza kurusha Breaking Pointe, kipindi cha uhalisia kilichorekodiwa ndani ya Ballet West, kampuni ya baleti ya Salt Lake City, jimboni Utah. Waandaaji walikuwa BBC Worldwide Productions, haohao waliotengeneza Dancing with the Stars. Safari hii hapakuwa na majaji wala kura za simu, kama tulivyozoea kwenye Tusker Project Fame au Bongo Star Search. Hawa walikuwa waajiriwa, na kamera iliwafuata kazini kwao.

Kinachowapa shida watu wa televisheni ni ratiba ya kazi hiyo. Mcheza baleti, awe nyota au mgeni wa juzi, huanza siku kwa darasa la kama saa moja na nusu. Wote hushika fito iliyo usawa wa kiuno, mpiga piano anaanza, magoti yanakunjwa taratibu na kunyooshwa, mguu unatelezeshwa sakafuni mbele, pembeni, nyuma, kisha zamu ya mguu wa pili. Kesho ni hayohayo, na aliyecheza miaka 20 bado hayaachi. Baada ya hapo ni mazoezi ya onyesho hadi jioni, na anayesubiri zamu yake utamkuta kakaa chini na sindano, anashona utepe kwenye kiatu.

Kiatu hicho cha kusimamia ncha za vidole ni kazi juu ya kazi. Mbele kimetengenezwa kwa matabaka ya kitambaa na karatasi yaliyogandishwa kwa gundi, kisha kikavikwa satini. Kikiwa kipya ni kigumu na kina kishindo. Mwenyewe hukikunja soli, hukigongagonga sakafuni mpaka kinyamaze, hukata satini ya nchani asije akateleza. Jasho na uzito wa mwili hulegeza gundi, hata mchezaji mkuu anaweza kumaliza jozi nzima katika onyesho moja. Kwenye vipindi vya aina hii shughuli yote hiyo hupewa sekunde chache, kama pambo la kuvukia kutoka tukio moja hadi jingine.

Si kwamba watayarishaji ni waongo. Kipindi cha uhalisia huzaliwa kwenye meza ya mhariri, naye anatafuta swali litakalomfanya mtazamaji asibadili chaneli wakati wa matangazo ya biashara. Kukunja goti mara mia hakuna swali la namna hiyo. Ndipo huletwa mahojiano ya pembeni: mhusika anakaa peke yake mbele ya taa, anaulizwa jambo lililokwisha kupita, swali linakatwa, jibu linapachikwa juu ya picha za mazoezini. Uso wa mtu aliyechoka tu unasomeka kuwa uso wa wivu, na muziki unamalizia.

The CW ilikuwa televisheni ya vijana, nyumbani kwa Gossip Girl na The Vampire Diaries, kwa hiyo dakika nyingi zilikwenda kwa wachezaji wawili, Allison DeBona na Rex Tilton, leo wako pamoja, kesho hawaeleweki. (Baadaye walioana kweli, kwa hiyo si yote yaliyokuwa ya kupikwa.) Wakati huohuo kampuni ilikuwa inaandaa Emeralds, kazi ya George Balanchine ya mwaka 1967, na sisi watazamaji tukaambulia vipande.

Palipo na ukweli ni kwenye mikataba. Kampuni nyingi za Marekani humwajiri mchezaji kwa msimu na kumlipa kwa wiki za kazi; wiki ambazo kampuni imesimama, anajitegemea. Kila mwaka mkurugenzi wa sanaa huamua nani apande daraja, nani abaki, nani aage. Adam Sklute, mkurugenzi wa Ballet West, alifanya kazi hiyo mbele ya kamera, na mchezaji mmoja wa kundi la nyuma akaelezwa kwamba msimu ujao hana nafasi. Hapo mhariri hakuhitaji kuongeza chumvi. Anayekata tiketi huona safu ya mabinti wanaofanana mpaka vidole, asijue kwamba kila mmoja wao anangoja barua yake.

Uingereza ilikuwa na kipindi chake mwaka uliotangulia, BBC ilipoingia English National Ballet na kutengeneza Agony & Ecstasy. Kilichozua mjadala pale ni ukali wa mtunzi wa baleti Derek Deane wakati wa mazoezi ya Swan Lake. Ukali huo upo, sikatai, lakini ukiuona peke yake utadhani baleti hufundishwa kwa kufokewa.

Frederick Wiseman alikwenda njia nyingine kabisa. Filamu yake ya mwaka 2009, La Danse, iliyopigwa Opera ya Paris, haina msimulizi wala mahojiano, na inachukua zaidi ya saa mbili na nusu. Unaona zoezi likirudiwa mpaka likae sawa, mafundi wakishona mavazi, hata mfuga nyuki juu ya paa la jumba. Kule mchezaji akishapata ajira ya kudumu hustaafu akiwa na miaka 42, kwa hiyo hata kama The CW ingepiga hodi Paris, kile kisa cha barua za mikataba kisingepatikana.

Dhana kwamba watu hawawezi kutazama marudio haikuwa na msingi. Tangu Oktoba 2014, katika siku iitwayo World Ballet Day, kampuni kubwa zikiwamo Royal Ballet ya London na San Francisco Ballet zimekuwa zikirusha darasa la asubuhi moja kwa moja kwenye intaneti, bure, na watu wanatazama. Breaking Pointe iliishia msimu wa pili, mwaka 2013. Ukitaka kujua wacheza baleti wanavyoishi, fungua moja ya madarasa hayo YouTube, na usiruke ile sehemu ya mwanzo ya kwenye fito.