Madini Joto na Akili za Watoto

Wanafunzi wetu wa ualimu hutuuliza mara kwa mara: Je, iko dawa ya kumfanya mtoto ashike masomo? Swali hili ni zito, kwa kuwa mzazi ampendaye mwanawe hununua upesi kila kinachosifiwa. Leo twataka kulijibu kwa habari ya nchi yetu wenyewe.

Mwaka 1986 serikali ya Tanzania ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizosumbuliwa sana na rovu, yaani uvimbe wa shingo. Mwaka 2009 wataalamu watatu wa uchumi, Erica Field, Omar Robles na Máximo Torero, walikadiria kwamba watoto waliokingwa na vidonge hivyo tumboni mwa mama zao walisoma zaidi ya wenzao kwa kadiri ya theluthi hadi nusu ya mwaka, na wasichana ndio waliofaidi zaidi. Habari ya namna hii, ikipita magazetini na barazani, hupoteza neno njiani: "yakadiriwa" hudondoka, ikabaki "imethibitika".

Sasa tuitazame kama mwalimu atazamavyo daftari la hesabu, jibu pamoja na njia yake. Kwanza, wataalamu hao hawakuwa na orodha ya akina mama waliomeza vidonge. Walitazama wilaya na wakati wa kuzaliwa, wakakisia nani alikingwa. Kumbe vidonge mara nyingi vilichelewa, na wengi hawakuvipata. Pili, walichopima ni darasa alilofikia mtoto, wala si akili yake. Nasi walimu twajua kwamba mtoto aweza kuchelewa kwa umbali wa shule, kwa kazi za shamba, au kwa ada, ambayo katika shule za msingi ilidumu hadi 2001. Tatu, Niklas Bengtsson na wenzake walipoirudia hesabu hiyo, jibu halikusimama imara: njia ikibadilishwa kidogo tu, na jibu hubadilika.

Je, basi tuiache chumvi yenye madini joto? Hasha! Ushahidi mwingine, wa miaka mingi na wa nchi nyingi, waonyesha kwamba upungufu mkubwa wa madini joto wakati wa mimba hudhuru ubongo wa mtoto. Na hapo ndipo neno hili latugusa sisi watu wa pwani. Twaishi kando ya mashamba ya chumvi, na chumvi tununuayo hapo aghalabu haikutiwa kitu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2010 uliikuta mikoa ya Lindi na Mtwara miongoni mwa ile ya nyuma kabisa kwa matumizi ya chumvi iliyotiwa madini joto ya kutosha.

Basi mama mjamzito na aitumie chumvi hiyo, kwa kuwa yamkinga mtoto na dhara. Lakini asiambiwe kwamba yamnunulia mwanawe nusu mwaka wa shule. Mzazi aliyeahidiwa makuu asipoyaona, husema wataalamu ni waongo, akaitupa hata ile chumvi iliyomfaa.

Mkisikia tena habari ya dawa ya akili, ulizeni mambo matatu: Nani walihesabiwa? Walipimwa nini? Nani ameirudia hesabu?