Bukavu: Shule zinapofungwa mara kwa mara, wazazi na walimu hulipa mara mbili

Kila mwanzo wa Septemba, barabara za Bukavu hujaa mashati meupe na nguo za buluu. Toka Bagira hadi Panzi, toka Nguba hadi Cimpunda, watoto hutembea makundi makundi, wadogo wakishikwa mkono na wakubwa. Wazazi wamekwisha kupita sokoni Kadutu au Nyawera kutafuta madaftari na viatu. Wenye watoto katika shule za kulipa wamekwisha kutoa sehemu ya kwanza ya minervali. Kila mmoja anatumaini mwaka wa masomo utafika Julai bila kukatika.

Miaka ya karibuni, matumaini hayo yamevunjika zaidi ya mara moja. Janga la Covid-19, migomo ya walimu na vita vimeufanya mwaka wa masomo kuwa vipande vipande. Ukisikiliza wazazi na walimu wa mji huu, utaona kwamba hawalalamikii likizo zilizo kwenye kalenda. Kinachowaumiza ni mapumziko yasiyo na tarehe ya kuanza wala ya kuisha.

Likizo zinazojulikana

Kalenda ya shule nchini Kongo huandaliwa na wizara ya elimu, Kinshasa. Mwaka huanza Septemba na kuisha mwanzoni mwa Julai. Shule ya msingi ina mihula mitatu, na shule ya sekondari ina vipindi viwili vikubwa vya nusu mwaka. Katikati kuna likizo ya Noeli, likizo ya Pasaka, na mapumziko mafupi ya siku chache katikati ya mihula. Ongeza sikukuu za taifa, kwa mfano 4 Januari kwa ajili ya mashahidi wa uhuru, 16 na 17 Januari kwa kumbukumbu ya Laurent-Désiré Kabila na Patrice Lumumba, na 30 Juni.

Kwa familia nyingi za Bukavu, likizo hizo zina kazi yake. Wakati wa Noeli na Pasaka watoto hupelekwa kwa bibi na babu huko Walungu, Kabare, Kalehe au kisiwani Idjwi. Wanasaidia shambani, wanajifunza lugha ya nyumbani, na mama anapumua kidogo. Mwalimu naye anasahihisha mitihani, anajaza ripoti za wanafunzi na kuandika matayarisho ya muhula unaofuata. Mzazi anajua tarehe ya kurudi, kwa hiyo anajua pia siku ya kutafuta pesa ya sehemu inayofuata. Aliye katika likelemba anaomba zamu yake ianguke karibu na siku hiyo.

Hata hivyo, mapumziko mafupi yana mzigo wake kwa mama anayeuza sokoni. Siku tatu au nne hazitoshi kumpeleka mtoto kijijini, na nyumbani hakuna mtu wa kumwangalia. Mtoto hubaki na dada yake mkubwa, au anafuata mama sokoni. Lakini huo ni mzigo unaoonekana mapema, na majirani husaidiana kuubeba.

Mapumziko yasiyo na tarehe

Tarehe 19 Machi 2020, shule zote za nchi zilifungwa sababu ya Covid-19. Ilisemwa kwamba ni kwa majuma manne. Wanafunzi wa madarasa ya mwisho walirudi tarehe 10 Agosti, nao wengine wakangoja hadi mwaka mpya wa masomo ulipoanza tarehe 12 Oktoba. Halafu, tarehe 18 Desemba, shule zikafungwa tena, na kufunguliwa tarehe 22 Februari 2021. Mtoto ambaye hakuwa darasa la mwisho alikaa darasani majuma yasiyofika kumi katika muda wa miezi kumi na moja.

Nchi jirani ya Uganda iliumia zaidi, maana huko shule zilifungwa Machi 2020 na kufunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Tofauti ni kwamba Kongo haikupata nafasi ya kupona. Mwaka wa masomo uliofuata ulipofunguliwa tarehe 4 Oktoba 2021, walimu wa shule nyingi za umma walibaki nyumbani wakidai mishahara yao. Mwezi huo huo, huko Kinshasa, wanafunzi waliingia hadi ndani ya Palais du Peuple, jengo la Bunge, wakiomba walimu wao walipwe ili masomo yaanze.

Septemba 2024 hali ikajirudia, safari hii Kivu ya Kusini ikiwa kati ya majimbo yaliyoguswa sana. Mwaka ulifunguliwa tarehe 2 Septemba, lakini katika shule nyingi za umma za Bukavu milango ilifunguliwa bila masomo. Walimu walidai mshahara usiopungua dola 500, pamoja na kulipwa kwa wenzao waliofundisha kwa miaka bila kuandikwa kwenye orodha ya mishahara. Kwa majuma mengi, watoto wa shule za kulipa walipita asubuhi wakienda kusoma, na watoto wa jirani yao, wa shule ya umma, wakawatazama wakiwa wamekaa kwenye kizingiti.

Masomo yaliporudi, vita vikafuata. Goma ilitekwa mwishoni mwa Januari 2025. Mapema Februari hofu ilipanda Bukavu, na wazazi wakakimbia kuchukua watoto wao shuleni. Wapiganaji wa AFC/M23 waliingia mjini tarehe 14 Februari, na tarehe 16 walikuwa wameushika mji. Tarehe 27, milipuko ilitokea mwishoni mwa mkutano wa hadhara kwenye uwanja wa Place de l'Indépendance, na watu wakafa. Katika siku kama hizo, mzazi aliyeambiwa kwamba shule zimefunguliwa alibaki na swali: nimtume mtoto au nimzuie?

Mwezi huo wa Februari, UNICEF ilitangaza kwamba shule na vituo vya masomo zaidi ya 2,500 vilikuwa vimefungwa katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, pamoja na vile vya kambi za wakimbizi wa ndani. Watoto 795,000 walikuwa nje ya masomo. Desemba 2024 walikuwa 465,000.

Nyumbani, gharama haingoji

Shule inapofungwa ghafla, chakula cha mchana kinaongezeka nyumbani siku hiyo hiyo. Kwa familia inayoishi kwa mauzo ya kila siku, hilo si jambo dogo. Kisha mtoto mkubwa anatafutiwa kazi ya kufanya. Wavulana hubeba mizigo au kuuza maji ya mfuko na mikate barabarani. Wasichana wanalea wadogo, wanachota maji na kukaa kwenye meza ya mama wakiuza makala au ndagala. Mwanzoni ni msaada tu. Majuma yakipita, familia inazoea kile kidogo wanacholeta, na siku shule inapofunguliwa si wote wanaorudi. Kuna vijana wanaofuata wakubwa wao kwenye machimbo ya dhahabu ya Kamituga, na wasichana wanaobeba mimba kabla ya kurudi darasani.

Halafu kuna ugomvi wa minervali. Elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 inahusu shule za msingi za umma. Katika sekondari na shule za watu binafsi, mzazi bado analipa. Shule ikikaa mwezi mzima imefungwa, mzazi anaona hapaswi kulipia mwezi ambao mtoto hakusoma. Mkuu wa shule anajibu kwamba nyumba aliyopanga inadai kodi, na walimu wake wana watoto pia. Pande zote mbili zina haki, na pesa haipo upande wowote.

Ugomvi huo unaleta pumziko jingine ambalo halihesabiwi popote, yaani lile la mtoto mmoja mmoja. Ni mtoto anayefukuzwa darasani kwa sababu ya minervali. Shule imefunguliwa na wenzake wanaandika, yeye yuko njiani anarudi nyumbani na kikaratasi mkononi. Akikosa siku tatu mwezi huu na nne mwezi ujao, mwaka wake utakuwa mfupi kuliko wa jirani yake wa benchi, ingawa kalenda yao ni moja.

Mwalimu anayelipwa shule ikiwa wazi

Ili kuelewa kwa nini kufungwa kwa shule kunamgusa mwalimu wa Bukavu haraka hivi, lazima turudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wa Mobutu, mshahara wa mwalimu ulikuwa umekwisha thamani na migomo ilikuwa imefunga shule. Mwaka 1992, wazazi na Kanisa Katoliki, ambalo linaendesha shule nyingi kwa mapatano ya mwaka 1977 kati ya dola na makanisa, walikubaliana kwamba wazazi wawape walimu nyongeza. Ilikuwa dawa ya muda, ili watoto warudi darasani. Dawa hiyo ikadumu zaidi ya miaka 25.

Kwa hiyo mgomo ndio uliomfanya mzazi kuwa bwana mshahara. Tangu hapo, mwalimu ambaye jina lake halipo kwenye orodha ya serikali alikula shule inapokuwa wazi, na alilala njaa inapofungwa. Elimu ya bure ilipofika mwaka 2019, mzazi wa shule ya msingi ya umma aliondolewa mzigo, lakini walimu wengi walikuwa bado wanangoja serikali iwatambue. Huko ndiko yanakotoka madai ya migomo iliyofuata.

Vita vya 2025 viliongeza tatizo jingine. Benki za Goma na Bukavu zilifunga milango, na hata mwalimu mwenye mshahara akalazimika kutafuta njia nyingine ya kuushika, mara nyingi kupitia simu, huku akikatwa pesa ya kutoa. Walimu wengi wanaishi kwa kazi ya pili: pikipiki, duka dogo, shamba la nje ya mji, au kufundisha watoto wachache nyumba kwa nyumba. Wakati shule zimefungwa, kazi ya pili inakuwa ya kwanza. Zikifunguliwa, mwalimu anarudi amechoka, na anakuta programu ya miezi miwili inamngoja aimalize kwa majuma manne.

Hapo ndipo mambo ya kitaaluma yanapoharibika. Mwalimu anachagua: aende mbio amalize programu, au arudi nyuma na wale waliosahau? Mkaguzi atauliza programu imefika wapi. Mtoto hataulizwa amesahau nini. Benki ya Dunia imekadiria kwamba nchini Kongo watoto 97 kati ya 100 wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Sababu ni nyingi, lakini kwa mtoto wa darasa la kwanza au la pili, kukatika kwa masomo kwa miezi miwili ni kuanza herufi upya.

Mtihani ni mmoja

Mwisho wa mwaka, Mtihani wa Serikali haupimi nani alifunguliwa shule lini. Tangu ulipoanzishwa mwaka 1967, ni mtihani wa nchi nzima. Mwanafunzi wa Bukavu aliyepoteza majuma ya Septemba kwa mgomo na majuma ya Februari kwa vita anapimwa kwa kipimo kile kile cha mwenzake wa Lubumbashi aliyesoma bila kusikia risasi. Mwaka 2025 mtihani huo ulifanyika Bukavu na Goma licha ya vita. Kwa wazazi ilikuwa faraja, maana kuukosa kungemaanisha mwaka mzima kupotea. Lakini kuufanya mtihani na kuwa tayari kwa mtihani ni mambo mawili.

Kile kinachowezekana

Mji wa Bukavu hauna uwezo wa kusimamisha vita, wala wa kumlazimisha mwenye hazina alipe walimu. Walakini kuna mambo ambayo shule, wazazi na wakubwa wa elimu wanaweza kufanya bila kungoja.

La kwanza ni kuhesabu. Kila shule ina kamati ya wazazi. Kamati hiyo ingeweza kuweka daftari la siku ambazo masomo hayakufanyika na sababu yake. Shule zikifunguliwa, mazungumzo ya kurudisha masomo, iwe Jumamosi, mchana au wakati wa likizo ya Pasaka, yangeanza na hesabu ambayo kila mtu anaiona.

La pili ni kukubaliana juu ya pesa kabla ya matatizo. Mwezi Septemba, wakati wote wametulia, shule na wazazi wanaweza kuandika pamoja: shule ikifungwa zaidi ya majuma mawili, mzazi atalipa kiasi gani, na mwalimu atabakiziwa nini. Makubaliano hayo yangepunguza watoto wanaofukuzwa na walimu wanaokimbia.

La tatu ni kuchunga kusoma kusikatike hata kama shule imekatika. Mwaka 2020 Radio Okapi na UNICEF walirusha masomo redioni kupitia kipindi cha Okapi École. Nyumba nyingi za Bukavu zina redio au simu inayopokea redio. Dada wa sekondari anaweza kukaa na wadogo watatu wa jirani nusu saa kila siku, na kitabu kimoja. Haitakuwa shule, lakini mtoto hatarudi mikono mitupu.

La mwisho ni la serikali na vyama vya walimu. Migomo ya 2021 na 2024 ilianza mwezi wa kwanza wa masomo, kwa madai yanayofanana. Madai yanayojulikana tangu Julai yangejadiliwa Julai na Agosti, watoto wakiwa likizoni. Mzazi aliyenunua madaftari kwa pesa ya likelemba asingoje kengele ya Septemba ndipo ajue kama mwanawe atasoma.

Kalenda ya shule ni ahadi kati ya dola, mwalimu na mzazi. Hapa Bukavu, mzazi ameendelea kutimiza sehemu yake asubuhi baada ya asubuhi, kwa kumvisha mtoto shati jeupe bila kuwa na uhakika kwamba atakuta mwalimu darasani.