Tusiwatabiri Watoto wa Gusii kama Farasi

Kila inapokaribia siku ya Kenya Derby katika uwanja wa Ngong jijini Nairobi, watabiri wa mbio za farasi huketi chini na kufanya kazi yao ya kila mwaka. Humchukua farasi mmoja baada ya mwingine na kumpima mbele ya msomaji. Baba yake alikuwa nani, mama yake alizaliwa na nani, amekimbia mara ngapi tangu msimu uanze, ardhi ngumu humfaa au humchosha, na mpanda farasi aliyepewa ni mzoefu au ni mwanagenzi. Mbio zenyewe ni za mita 2,400 na ni za farasi wenye umri wa miaka mitatu tu, kwa hiyo wengi wao hawajawahi kukimbia masafa hayo. Mtabiri anapokosa ushahidi wa miguu ya farasi, hukimbilia ushahidi wa damu yake. Husema kwamba ukoo huu humudu masafa marefu, ukoo ule huisha pumzi kabla ya kona ya mwisho.

Mimi si mtu wa farasi. Kisii na Nyamira, ambako migomba na chai zimeziba kila mteremko na mashamba yamegawanywa hadi yakawa vipande vya kuhesabika kwa hatua, hakuna mahali pa kumkimbizia mnyama huyo. Hata jina lake si letu: farasi ni neno la Kiarabu lililopitia pwani, kisha likapanda bara na kubadilika kwa kadiri ya midomo iliyolipokea, hata Wakikuyu wakapata mbarathi yao. Lakini nimezisoma tabiri hizo kwa miaka mingi kwa sababu ya taaluma yangu. Ni utanzu kamili wa lugha wenye kanuni zake, na kanuni hizo zimehama Ngong zikaingia mahali ambapo hazikualikwa. Ndiyo sababu ya makala haya.

Kwa farasi, tuwe waadilifu, lugha ya damu ina msingi. Farasi wa mbio wanaoshindana Ngong, Epsom au Kentucky ni wa uzao mmoja uliofungiwa. Ukiufuata upande wa madume, wote hurejea kwa farasi watatu tu walioingizwa Uingereza kutoka mashariki: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Daftari la vizazi vyao lilianza kuchapishwa Uingereza mwaka 1791, na siku hizi farasi asiyekuwa na jina katika daftari la namna hiyo kwa kawaida haruhusiwi kushindana nao. Mtabiri anayesema habari za ukoo ana kitabu cha kumshika mkono.

Na bado hukosea. Mwaka 2006, nchini Marekani, mwanafarasi aliyeitwa The Green Monkey alinunuliwa kwa dola milioni 16 kwa sababu ya nasaba yake na mbio fupi ya majaribio iliyowashangaza wanunuzi. Alishindana mara tatu tu maishani mwake. Hakushinda hata mara moja.

Sasa tuondoke Ngong twende kwa wanadamu. Msomaji achukue makala yoyote ya kutabiri mbio ndefu ambamo Wakenya wanashiriki, aisome kwa makini kama ninavyowafanyisha wanafunzi wangu. Atakutana na damu, atakutana na mbegu, atakutana na ukoo. Zaidi ya hayo atakutana na kiambishi kimoja kidogo ambacho walimu wa Kiswahili tunakifundisha kwa dakika tano na kukiacha: hu-.

Kiambishi hiki ni cha ajabu. Vitenzi vyetu vingi hutaja nafsi na wakati: a-li-kimbia, wa-ta-kimbia, ni-me-kimbia. Hu- hakitaji chochote kati ya hivyo. Ukisema "hukimbia" hujasema ni nani wala ni lini. Umesema tu kwamba jambo hilo ni la desturi, kana kwamba halikuanza na halitakwisha. Kwa jua na mvua ni kiambishi cha haki kabisa, jua huchomoza. Kwa farasi nimekwisha kukubali kwamba kina hoja. Lakini siku hizi tunasema: Wakalenjin hukimbia, Wakisii hulima ndizi, Waluo hucheza kandanda. Sentensi tatu, wala hakuna mwaka hata mmoja ndani yake. (Mimi mwenyewe nimekitumia tangu mstari wa kwanza wa makala haya, na msomaji ana haki ya kunihesabia.)

Miaka michache iliyopita nilikaribishwa kuzungumza na walimu katika shule moja ya upili upande wa Nyamira. Baada ya mazungumzo tulipita kando ya kiwanja, na hapo vijana kadhaa walikuwa wakizunguka kwa mbio bila mwalimu wala saa. Msichana mmoja aliwaacha wenzake mbali sana, wavulana kwa wasichana. Nikauliza ni nani anayemfundisha. Mwalimu mmoja, mtu mzima na mstahiki, alinijibu kwa upole, "Daktari, yule anajifurahisha tu. Hawa wetu si watu wa mbio. Mbio ni za kule ng'ambo ya Sotik."

Nikamuuliza, "Mwalimu, Temu alikuwa mtu wa wapi?"

Akacheka, akatikisa kichwa. Alilijua jina hilo kama sisi wote tunavyolijua. Alichokuwa hajafanya ni kuliweka jina hilo karibu na sentensi aliyotoka kuitamka. Simlaumu. Sarufi yenyewe ilimficha.

Basi tuirejeshe miaka mahali pake. Mwaka 1954 timu ya Kenya ilipokuwa safarini kwenda kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Vancouver, ilipitia London, na huko Nyandika Maiyoro wa Kisii akashindana maili tatu katika uwanja wa White City. Alitoka kwa kasi iliyowafanya watazamaji wadhani hajui masafa anayokwenda. Fred Green na Chris Chataway, waliomfukuza hadi wakampata, walimaliza wakiwa wamevunja rekodi ya dunia. Maiyoro akawa wa tatu. Huko Vancouver alimaliza wa nne. Akaenda Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956 na kuwa wa saba katika mita 5,000, kisha Roma mwaka 1960 akawa wa sita. Mwaka 1958 mjini Cardiff, Arere Anentia, naye wa Gusii, aliipatia Kenya nishani ya shaba katika maili sita. Lau mtabiri wa wakati huo angetaka kutunga sentensi yenye hu-, angeandika bila wasiwasi: Wakisii hukimbia.

Halafu Naftali Temu. Mwaka 1966 mjini Kingston alimshinda Ron Clarke wa Australia katika maili sita, na Clarke ndiye aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 10,000. Hata hivyo, zilipokaribia mbio za Mexico tarehe 13 Oktoba 1968, majina makubwa yalikuwa Clarke mwenyewe na Kipchoge Keino. Mji wa Mexico uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Keino, aliyekuwa mgonjwa wa nyongo, alianguka kabla ya mwisho. Clarke alifika wa sita, akazimia. Waliobaki mbele katika mzunguko wa mwisho walikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia na Temu, na Temu akampita Wolde karibu kabisa na utepe, kwa muda wa dakika 29 na sekunde 27.4. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Kenya. Iliwatangulia dhahabu ya Keino na ya Amos Biwott kwa siku kadhaa tu, lakini iliwatangulia. Siku chache baadaye aliongeza shaba ya mita 5,000. Alifariki mwaka 2003, na wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, wakiwemo waliozaliwa karibu na kwao, humtaja baada ya kufikiri kidogo.

Robert Ouko alishinda mita 800 na Charles Asati mita 400 katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh mwaka 1970. Asati akarudia ushindi huo Christchurch mwaka 1974. Wana hao wawili wa Gusii, pamoja na Munyoro Nyamau na Julius Sang, ndio walioitwaa dhahabu ya kupokezana vijiti mara nne mita 400 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Yobes Ondieki alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mjini Tokyo mwaka 1991. Tarehe 10 Julai 1993, mjini Oslo, akawa binadamu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27: dakika 26 na sekunde 58.38. Rekodi aliyoivunja ilikuwa na umri wa siku tano tu, na mwenyewe alikuwa Mkenya mwenzake, Richard Chelimo. Mwaka 1997 Lameck Aguta alishinda mbio za marathoni za Boston.

Baada ya hapo orodha inakonda. Sitaki kumdanganya msomaji kwamba haikonda.

Kwa nini? Jibu la mtabiri wa farasi ni kwamba damu imekwisha. Lakini damu ya watu haibadiliki katika muda wa vizazi viwili, na vilima vya Manga bado viko pale pale. Kilichobadilika ni mahali walipokaa walimu. Mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell, mtu wa Ireland, alifika katika shule ya St Patrick's Iten kufundisha jiografia, akaishia kuwa mwalimu wa mabingwa. Peter Rono aliyeshinda mita 1,500 Seoul mwaka 1988 alipitia shule hiyo. Baadaye zikaja kambi za mazoezi, mawakala wa Ulaya na njia ya kutoka kiwanja cha shule hadi uwanja wa ndege. Mto ulichimbiwa mfereji upande mmoja, nasi tukasema ndivyo maji hupenda kutiririka.

Najua kuna atakayenipinga kwa mfano wa familia ya Rudisha, na ni pingamizi nzuri. Daniel Rudisha alikuwa katika timu ya kupokezana vijiti iliyopata fedha Mexico mwaka 1968, pamoja na Nyamau, Naftali Bon na Asati. Mwanawe David alishinda mita 800 London mwaka 2012 kwa rekodi ya dunia ya dakika 1 na sekunde 40.91. Baba na mwana: je, hiyo si nasaba? Ni nasaba, sikatai kwamba mtoto hurithi kifua na miguu. Lakini David ni wa Kilgoris, mpakani kabisa na Gusii, na ili awe David tunayemjua alisafiri hadi Iten akafunzwa na Bruda Colm yule yule. Nasaba ilimpa miguu, na saa ya kupimia aliikuta kwa mwalimu.

Katika mbio nyingi za farasi kuna desturi ninayoipenda. Farasi aliye bora hubebeshwa uzito zaidi, wa risasi, ili dhaifu naye apate nafasi. Sisi tumeigeuza. Msichana yule niliyemwona kiwanjani huenda alikuwa amekwisha kubeba maji kabla ya alfajiri, na kuni zinamngoja jioni. Juu ya hayo tukamwekea sentensi kwamba watu wake si wa mbio. Kipindi cha mazoezi ya viungo kimo katika ratiba ya shule yake, kimeandikwa kwa wino. Wanafunzi wakaniambia kwamba hufundishwa Hisabati katika kipindi hicho, hasa mitihani inapokaribia, na mitihani haiachi kukaribia. Mwalimu wa Hisabati ana hoja zake na ninazisikia. Lakini shule ikitwaa vipindi vyote vya kiwanja kisha ikasema haina wanariadha, imejitabiria yenyewe na kujithibitishia.

Ninachowaomba walimu wenzangu wa Kiswahili ni kidogo na hakihitaji fedha. Mnapofundisha hu-, msiishie kwenye jua huchomoza. Leteni ukurasa wa michezo darasani. Mwanafunzi akikuta hu- mbele ya jina la kabila, aulize: nani, lini, alifundishwa na nani? Na ninyi mnaoandika tabiri za mbio za nyika za shule, mwandikeni mtoto kwa jina la shule yake na muda aliokimbia wiki iliyopita. Muda wa juzi utamsaidia msomaji kuliko kabila la babu.

Wanafunzi wangu nimewapa zoezi hilo muhula huu: sentensi kumi zenye hu- kuhusu makabila ya Kenya, kila moja iandikwe upya kwa -li- pamoja na mwaka na jina la mtu. Wengi walirudi baada ya siku mbili wakilalamika kwamba kazi ni ngumu, kwa sababu sentensi za awali waliziandika kwa dakika kumi na za pili ziliwapeleka maktaba. Msichana mmoja kutoka Borabu alinijia ofisini na karatasi yenye sentensi tatu tu zilizokamilika. Akaniuliza kama anaweza kuongezewa wiki moja, kwani ameambiwa kuna mzee kijijini kwao aliyewahi kushindana mbio na Maiyoro, na angependa kwenda kumuuliza mwenyewe ilikuwa mwaka gani. Nimemwongezea mbili.