Kunakili Slaidi kwa Kamera: Suala la Kitenzi

Wafasiri wa maelekezo ya upigaji picha hukutana na dhana moja iliyokwisha kupewa majina mengi mno: kuipata picha ya filamu katika umbo la kidijitali. Wako wasemao kuhamisha, wako wasemao kuskani, na wengine kudijiti. Kwa maoni yetu majina haya hayalingani, na moja kati yake laweza kumpotezea mtu picha zake.

Slaidi tunayoikusudia si ukurasa wa wasilisho la kompyuta, ijapokuwa neno ni lilo hilo. Ni kipande cha filamu angavu chenye picha ya milimita 24 kwa 36, kilichotiwa katika fremu ya kadibodi au plastiki. Huonyesha rangi kama zilivyokuwa, tofauti na negativu, ambayo lazima ipinduliwe ndipo isomeke.

Kazi yenyewe yafanyika nyumbani. Slaidi hupulizwa vumbi kwa kipulizio cha mpira (si kwa mdomo, maana mate huacha madoa), kisha huwekwa mbele ya taa nyeupe iliyofunikwa plastiki nyeupe ili mwanga uenee sawasawa. Kamera yenye lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu hufungwa imara, uso wa lenzi ukiwa sambamba na slaidi. La sivyo upande mmoja wa picha utafifia. Taa za chumbani huzimwa, na kamera huachwa ijifyatue yenyewe ili mkono usiitikise.

Hapa yaonekana kwa nini kuskani hakufai. Skana husoma picha mstari baada ya mstari, hali kamera huinasa yote kwa mara moja. Kudijiti hatukukatai, ila hakusemi lolote juu ya hatima ya slaidi.

Kuhamisha ndiko kunakotutia wasiwasi. Kitu kilichohamishwa hakipo tena kilipokuwa. Mtunza kumbukumbu akisoma kwamba slaidi “zimehamishwa”, ana haki ya kudhani kuwa makasha yaliyobaki hayana kazi, akayatupa. Kumbe slaidi ingali ndiyo asili. Filamu ya Kodachrome, iliyoanza kutumika kwa slaidi mwaka 1936, hutunza rangi zake kwa miongo mingi ikihifadhiwa gizani. Diski ya kompyuta yaweza kuharibika katika miaka michache. Tena filamu hiyo haipatikani: Kodak ilitangaza kuacha kuitengeneza mwaka 2009, na maabara ya mwisho kuisafisha, huko Kansas, Marekani, ilipokea mikanda ya mwisho mwezi Desemba 2010.

Kwa hiyo twapendekeza kunakili kidijitali, kwa kuwa neno nakala humkumbusha msomaji kwamba asili ipo. Kitokanacho na kazi hiyo kiitwe nakala ya kidijitali, na filamu yenyewe iitwe slaidi asilia. Juu ya kasha na yaandikwe “Zimenakiliwa”, pamoja na mwaka na mahali nakala zilipowekwa.