Mshubiri: Jani Moja, Majimaji Mawili

Uchungu wa shubiri, unaojulikana sana katika misemo ya Kiswahili, hautoki katika jani zima. Hutoka katika tabaka jembamba lililo chini ya ganda. Mkazi wa Ngorongo au Kibiti aliyepanda mche nyuma ya nyumba yake hana budi kulitambua tabaka hilo kabla ya kuutumia mmea huu kama dawa.

Mshubiri unaouzwa kwa jina la alovera (Aloe vera) asili yake ni Rasi ya Uarabuni. Shina lake ni fupi, majani ni manene yenye miiba midogo ukingoni, na maua ni ya manjano. Hauna budi kutofautishwa na mishubiri mwitu ya Afrika Mashariki, ambayo ni ya spishi nyingine. Vitundu vya majani yake hufunguka usiku, jua likiwa limetua, hivyo maji machache hupotea. Kwa sababu hiyo huvumilia kiangazi, lakini mizizi yake huoza maji yakituama.

Katika bonde la Rufiji jambo hilo lina uzito. Ardhi ya mlau, inayolimwa baada ya mafuriko kupungua, huwafaa wakulima wa mahindi, si wa mshubiri. Mahali pake ni mwinuko wenye kichanga, tuta lililoinuliwa, au chombo kilichotobolewa chini. Machipukizi yaotayo kando ya mmea mama hutenganishwa yakifikia urefu wa sentimita 15 hadi 20, huachwa kivulini siku chache ili sehemu iliyokatwa ikauke, kisha hupandwa. Humwagiliwa udongo ukishakauka. Wakati wa kuvuna hukatwa majani ya nje, kwani ndiyo yaliyotangulia kukomaa.

Jani lililokatwa hutoa majimaji mawili. Chini ya ganda kuna utomvu wa njano wenye aloini. Katikati kuna ute angavu, ambao karibu wote ni maji. Jani husimamishwa sehemu iliyokatwa ikiwa chini kwa dakika 10 hadi 15 ili utomvu uchuruzike, kisha huoshwa, humenywa, na ute huoshwa tena. Ute huo unaweza kutuliza ngozi iliyoungua kidogo, baada ya kupozwa kwanza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Jeraha la moto lililo kubwa au lenye kina lipelekwe kituo cha afya bila kupakwa kitu.

Utomvu wa njano ni dawa kali ya kuharisha. Humpotezea mtu maji na potasiamu, na ukinywewa kwa wingi au kwa muda mrefu unaweza kudhuru figo. Hatari huongezeka kwa mgonjwa anayetumia digoksini au dawa za kuongeza mkojo. Mwaka 2002 Marekani iliondoa aloe katika dawa za kuharisha zinazouzwa bila cheti cha daktari. Mjamzito asiunywe. Mama anayepaka shubiri kwenye chuchu ili kumwachisha mtoto ziwa ajue kwamba mtoto humeza utomvu huohuo.

Mgonjwa anaposema ametumia mshubiri, mhudumu wa afya aulize mambo matatu: ni mmea gani, ni sehemu gani ya jani, na je, aliupaka au aliunywa? Majibu hayo humwonyesha kama ni ute uliotumika au ni utomvu.